Nusu ya Yai

Naandika nikiwa na njaa, na risiti ya chakula cha watu wawili iko mbele yangu, imebeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na chini kabisa ada ya huduma, ambayo mhudumu mwenyewe alinieleza kuwa ni shukrani ya hiari isiyoweza kuondolewa.

Mpwa wangu ndiye aliyetushawishi. Alisema kuna mkahawa huko Nyali, Mombasa, wa Kijapani uliochanganywa na mapishi ya pwani, na kwamba haifai mtu wa makamo yangu aondoke duniani hajaonja ramen, yaani tambi za mchuzi, wala sushi. Msongamano wa Daraja la Nyali jioni sina haja ya kuueleza. Niliuliza kwanza habari ya supu, kwa kuwa nimesikia kuna ramen inayochemshwa kwa mifupa ya nguruwe, nikaonyeshwa cheti cha halali ukutani na kuambiwa ni mifupa ya kuku. Hapo sina lawama.

Sushi ililetwa juu ya ubao. Inasemekana asili yake ni kumfukia samaki ndani ya wali ili asioze, wali ukachacha, watu wakamla samaki na wali wakautupa. Wenyeji wetu wa Nyali wameona busara kutuuzia huo wali, wakautia siki kwa makusudi, na juu yake wakalaza kipande cha jodari chembamba kiasi cha kusomea gazeti. Ile rojo kali ya kijani, wasabi, nilimwachia mke wangu, naye akatokwa na machozi kwa heshima zote.

Kisha ikaja ramen ya kamba kwa tui la nazi, pamoja na vijiti viwili. Tambi hizo hukandwa kwa maji yenye chumvi za jamii ya magadi, ndugu wa magadi haya tunayolainishia maharagwe, ndipo zikawa za manjano, zikanyumbuka, na zikapata tabia ya kurudi bakulini kila zinapokaribia mdomo. Mhudumu, kijana mwenye adabu na kanzu fupi nyeusi, alinitazama nikihangaika, akasogea.

“Baba, usione haya, zivute kwa sauti. Kule Japani si utovu wa adabu. Ukizivuta pamoja na hewa, zinapoa na harufu ya supu inapanda puani.”

“Mwanangu, kwenu ni wapi?”

“Kisauni, baba.”

“Na mama yako hapo Kisauni, akikusikia unavuta uji kwa sauti, hukufanya nini?”

“Hunipiga kofi, baba. Lakini uji haumo kwenye menyu yetu.”

Akaniongezea kwamba ramen hailiwi kwa kuchelewa, maana tambi zikikaa zinavimba na kulegea. Kwa hiyo mimi, niliyelelewa kula taratibu na kufunga mdomo, nikatakiwa kula mbio, kwa kelele, kwa vijiti, mbele ya vijana wa meza ya pili waliokuwa wakilipiga picha kila bakuli kabla ya kulionja. Nikavuta. Mchuzi ulifika kwenye miwani. “Babake Rukia,” mke wangu akanong’ona, “tunatazamwa.” Nikaomba uma, nikaletewa wa watoto, una picha ya dubu panda kwenye mpini.

Nikavichomeka vile vijiti wima katika wali uliobaki, ili mikono ipumzike. Kijana akaja mbio. “Baba, tafadhali! Kule vijiti husimamishwa hivyo kwenye wali wa matanga.”

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia kwamba nimevumilia siki, nimevumilia panda, lakini bakuli moja limezidi shilingi 1,000, gesi imepanda, karo imepanda, na humu ndani nimewekewa nusu ya yai. Nusu! Yai la kuku, wala si la mbuni! Nikataka kujua ni nani aliyekula nusu ya pili.

Akaliangalia bakuli la mke wangu kwa utulivu. Kweli, ilikuwamo mle.

Nikalipa kwa simu, tukaita teksi. Gari lenyewe lilitoka Japani, kama magari mengi yanayopita bandarini kwetu kwenda kwenye yadi, na tulipofunga milango sauti ya mwanamke ikasema maneno marefu ya Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Dereva alisema huyo mama huzungumza kila gari likiwashwa tangu alipolinunua, hakuna fundi aliyeweza kumnyamazisha, na sasa yeye humwitikia tu. Mke wangu, macho yakiwa bado mekundu kwa ile rojo, akauliza kama na huyo naye anadai ada ya huduma.