Nottingham Forest na ugonjwa wa kufukuza makocha

Shabiki wa Arsenal anayejivunia jezi nyekundu ana deni Nottingham. Mwaka 1886, wachezaji waliotoka Forest walijiunga na timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, na klabu yao ya zamani ikawatumia seti ya jezi zake. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi ninaobishana nao mpira wanaichukulia Forest kama kitimu kilichobahatika kupanda daraja juzi. Klabu hii imekuwepo tangu 1865, na imebeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili ilhali ubingwa wa England imeuchukua mara moja tu. Hakuna klabu nyingine Ulaya yenye rekodi ya namna hiyo.

Kocha Brian Clough alipokabidhiwa timu Januari 1975, Forest ilikuwa daraja la pili. Msimu ule ikamaliza ya 16. Uliofuata, ya 8. Kwa hesabu za wamiliki wa leo, hapo kibarua chake kingekuwa kimeshaota nyasi. Yeye aliachwa. Mwaka 1976 akaungana tena na msaidizi wake, Peter Taylor, mtu mwenye jicho kali la kutambua vipaji, na 1977 wakapanda ligi kuu wakiwa wa tatu. Mwaka mmoja baadaye walikuwa mabingwa wa England, pointi 7 mbele ya Liverpool.

Tena hawakuwa wamenunua mastaa watupu. John Robertson, winga ambaye naamini hajapewa heshima anayostahili, alikuwa amewekwa sokoni Clough alipofika. Kenny Burns alisajiliwa akiwa mshambuliaji, wakamgeuza beki wa kati, akachaguliwa na waandishi wa habari kuwa mchezaji bora 1978. Timu hiyo ilicheza mechi 42 za ligi bila kufungwa. Huko Ulaya iliwatoa Liverpool, mabingwa watetezi, raundi ya kwanza kabisa. Kwenye fainali mjini Munich 1979 Robertson alimimina krosi na Trevor Francis akaiwahi kwa kichwa, Malmö wakalala 1-0. Fainali ya mwaka uliofuata mjini Madrid, Robertson mwenyewe akaifunga Hamburg iliyokuwa na Kevin Keegan.

Clough alikaa miaka 18. Aliondoka 1993, timu ikishuka daraja, na ukweli ni kwamba mwishoni alikuwa amechoka. Kilichofuata ni kupanda na kushuka, hadi 2005 Forest ikaangukia daraja la tatu, bingwa wa Ulaya wa kwanza kufika huko chini. Ligi kuu waliikosa kuanzia 1999 hadi 2022, na katika miaka hiyo makocha walipishana mlangoni.

Steve Cooper ndiye aliyewarudisha. Alikuja Septemba 2021, baada ya timu kuanza msimu na pointi 1 katika mechi 7, na Mei akawapandisha ligi kuu kwa kuifunga Huddersfield uwanjani Wembley. Wapo watakaosema naye aliletwa baada ya mwenzake kutimuliwa, na ni kweli. Ila angalia kilichotokea Oktoba 2022. Forest ilikuwa mkiani mwa ligi kuu, imetoka kupigwa 4-0 na Leicester, kila mtu akisubiri Cooper afukuzwe. Mmiliki, Evangelos Marinakis, akampa mkataba mpya. Timu ikabaki ligi kuu. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora alioufanya tangu ainunue klabu 2017, na inaniuma kwamba hakujifunza kutokana nao.

Cooper akaondolewa Desemba 2023. Nuno Espírito Santo akaja, akanusurika kushuka licha ya klabu kupokwa pointi 4 kwa kuvunja kanuni za fedha, kisha msimu wa 2024/25 akamaliza wa 7, akatinga nusu fainali ya Kombe la FA na kuirudisha Forest Ulaya baada ya miaka karibu 30. Septemba 2025, baada ya mechi tatu tu za ligi, akatimuliwa kwa sababu ya kutoelewana na wakubwa. Ange Postecoglou akapewa siku 39, mechi 8, hakushinda hata moja. Oktoba ikaja zamu ya Sean Dyche, aliyewahi kuwa kijana wa akademi hapohapo enzi za Clough. Kocha wa tatu, na msimu ulikuwa haujatimiza hata mechi 10 za ligi. Wachezaji wale wangehitaji nini zaidi ya Nuno kuachwa amalize kazi yake?