Jiwe Langu Mmelipeleka Wapi?

Aliyechukua jiwe langu jioni moja kabla gari halijalazwa kwa fundi, kwenye mteremko wa kushukia stesheni, alirudishe. Sitaki kesi, sitaki kuapizana, nataka jiwe langu. Na asitokee mtu wa kuniambia Kigoma mawe yamejaa, niokote lingine. Mawe yapo, sikatai. Lakini jiwe la kuzuia gari ambalo hendibreki yake haishiki haliokotwi, linatafutwa. Lile nililitoa Bangwe. Upande mmoja bapa wa kukaa kwenye lami, upande wa pili umelala kidogo wa kupokea tairi, na kimo chake hakigusi bampa. Lilikuwa na gunia lake kwenye buti. Nimeingia dukani kununua umeme wa luku, natoka, gari limebaki limeshikwa na P, gia ya kuegesha, peke yake, na mbele yake pale lilipokuwa fuso hakuna kitu. Namshuku utingo wa lile fuso. Niliposhuka alilitazama jiwe langu mno. Mtu mwema hatazami jiwe la mwenzake namna ile.

Mnaoishi huku mnajua. Mji huu ukitoka Mwanga unateremka, unateremka, mpaka ukutane na maji. Wajerumani walipofikisha reli hapa mwaka 1914 hawakuona tatizo lolote, kwa sababu treni ikishafika Kigoma haina mpango wa kuendelea. Mimi nina Carina Ti. Yenyewe mipango inayo. Na mbele ni Ziwa Tanganyika, ambalo pale penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470 kwenda chini. Ile meli ya Liemba Wajerumani wenyewe waliizamisha kwa makusudi mwaka 1916, wakahakikisha kwanza wamezipaka mashine zake grisi, na mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini. Haya, Carina yangu ikizama nani atakuja kuiibua? Shemeji? Shemeji yule gari likizima njiani, hata kulisukuma anasema mgongo unamsumbua.

"Si uweke P tu?" Hilo nimeambiwa na kila mtu mwenye mdomo. Na wengi wao hawana hata baiskeli. Ndugu zangu, P ni kijino kimoja cha chuma ndani ya gia boksi. Kimoja. Ukiegesha mlimani bila hendibreki, uzito wote wa gari, na mama mkwe akiwa ndani, na magunia yake ya mihogo, unaegemea kijino hicho. Ukija kutoa P gari linapiga "ko!" hadi mama mkwe anauliza tumegonga nini. Siku kijino kikichoka, huyo mwenye mdomo hatakuwepo.

Hendibreki yenyewe ilikuwa hivi: unaivuta, inakuja. Unaivuta tena, inakuja. Inapanda mpaka usawa wa kiwiko, laini kama mlenda, meno yake yanalia trrr kwa heshima zote, halafu gari linaondoka na wewe. Na juu ya hayo ile taa nyekundu kwenye dashibodi haizimi. Askari wa barabarani aliiona kabla hajaniona mimi.

"Shikamoo mzee. Umesahau kushusha hendibreki."

"Marahaba mwanangu. Nimeishusha."

"Mbona taa inawaka?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Kwa hiyo unaendesha gari bovu."

Nikaiona elfu thelathini yangu inafungasha virago. Tuyaache hayo.

Basi nikaenda Gungu kwa fundi. Huyu ni kijana niliyesifiwa na watu watatu, na wote watatu, nimekuja kukumbuka baadaye, wanatembea kwa miguu. Umahiri wake huwezi kuupima kwa vifaa maana hana. Jeki ni ya jirani. Bisibisi ni ya jirani mwingine. Spana namba kumi alimtuma dogo akaiazime kwa mshona viatu, na mshona viatu akaja nayo mwenyewe, akakaa, akaanza kuchangia mawazo.

Fundi hakuinama. Alivuta hendibreki mara moja, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Mzee, huu waya tu umelegea. Nusu saa."

Nilikuwa nimevaa koti. Nina kikao cha kamati ya shule, mimi ni mjumbe, na mjumbe hafiki kikaoni amechelewa. Nusu saa nikaona si haba.

Akafungua lile boksi la plastiki katikati ya viti. Mwenye gari la siku nyingi asikubali lifunguliwe mbele za watu. Zilitoka karanga. Ikatoka kalamu isiyo na kifuniko. Ikatoka kadi ya mchango wa harusi ya watu ambao wamekwishaachana na kila mmoja ameoa na kuolewa kwingine. Halafu ikatoka hereni. Fundi, kwa adabu zake, akaifuta vumbi kwenye suruali, akaiweka juu ya dashibodi, katikati, mahali ambapo hata rubani angeiona.

Mama watoto akapita. Alikuwa anatoka sokoni, na Gungu yote hana njia nyingine ya kupita ila hiyo.

"Hii ya nani?"

"Yako hiyo."

"Yangu mimi?"

Nikamweleza kwa utulivu kwamba gari hili nililinunua kwa mtu, na yeye alilinunua kwa mtu, na kabla ya wote hao kulikuwa na Mjapani. Mjapani naye ana mke. Hereni inaweza kuwa imetoka Osaka. Mshona viatu akasema, "Kweli kabisa shemeji, Wajapani wanavaa hereni." Mama watoto akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kuaga. Mpaka ninapoandika haya sijui imehifadhiwa wapi, na kwa kesi ya lini.

Turudi kwenye waya. Nyuma ya mpini wa hendibreki kuna nati. Ukiikaza, waya unavutika, mpini haupandi sana. Fundi akakaza. Akajaribu, bado. Akakaza. Mshona viatu akasema kaza. Akakaza mpaka nati ikafika mwisho wa uzi wake, mahali ambapo kiwandani nadhani hawakutegemea mtu atafika. Mpini sasa ukivuta unalia ta, ta, basi, umegoma. Fundi akanitazama kwa macho ya mtu anayengoja kupongezwa.

"Twende tukapime mlimani."

Tukapanda. Akasimamisha gari pua ikitazama juu, akavuta hendibreki, akaweka N, gia huru, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, simama hapo nyuma uangalie kama linarudi."

"Nikiona linarudi nifanye nini?"

"Utuambie."

Nikasimama. Mtu mzima, koti, faili la kamati kwapani, nyuma ya gari langu mwenyewe, kwenye mteremko, nafanya kazi ya jiwe. Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakaacha kucheza drafti. Mmoja akasema, "Mzee ana moyo." Mwingine akasema, "Si moyo, huyo hajaambiwa." Watoto wa shule wakasimama. Mama mmoja mwenye ndoo ya mawese kichwani akaitua kabisa ili aone vizuri. Dogo akaagizwa apige teke tairi, sijui kwa utaalamu gani, akapiga. Gari likafanya kriii. Nikaruka. Faili likaenda upande wake na mimi upande wangu, na muhtasari wa kikao kilichopita ukasambaa hadi mtaroni.

Gari halikuwa limesogea. Ilikuwa kiti cha fundi.

"Umeona mzee? Limeshika!"

Nikalipa. Na soda ya dogo. Na ya mshona viatu, aliyedai yake ni ya ushauri.

Nikaondoka, gari zito. Nakanyaga mafuta, linanguruma lakini haliendi, unaweza kudhani kuna mtu analishika shati kwa nyuma. Kufika sokoni Mwanga harufu imejaa ndani, na mimi nikadhani ni mtu anachoma plastiki, nikamlaani moyoni. Mama muuza nyanya ndiye aliyepiga kelele: "Baba! Gari lako linaungua huko nyuma!" Nikashuka, nikatemea mate rimu ya nyuma. Yakachemka.

Maana yake mpini nimeushusha, lakini waya umekazwa hivi kwamba brekishuu, zile za kubana gurudumu, zimeng'ang'ania ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu, muda wote. Nimetoka Gungu mpaka Mwanga nimefunga breki. Nikarudi kwa fundi kwa mwendo wa maiti.

"Si ulitaka ishike?" akasema.

Hapo, ndugu zangu, ujumbe wa kamati uliniishia. Nilisema maneno ambayo si ya kikao. Akailegeza ile nati ikarudi pale ilipokuwa asubuhi, na hendibreki ikarudi kiwikoni. Taa nyekundu inawaka vilevile. Kikao kilishaisha, na nasikia nimechaguliwa bila kuwepo kusimamia ujenzi wa choo.

Ujiji kila mwembe una hadithi yake. Kwenye miembe walikutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, wakapewa mnara. Chini ya mwembe mwingine, ambao hauna mnara na unaustahili, kuna fundi mzee, kofia ya kiua, miwani imefungwa kwa uzi. Hakugusa mpini. Aliniuliza swali moja ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: "Mafuta ya breki yanapungua?"

Akafungua bonneti, mafuta kikoponi yameshuka chini ya mstari. Taa ile, akasema, ni moja ina mabwana wawili. Inawaka ukivuta hendibreki, na inawaka mafuta ya breki yakipungua. Akazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, akapiga jeki nyuma, akatoa gurudumu la kushoto. Dramu imeganda. Akina Gungu wangeleta nyundo. Mzee akachukua bolti mbili, akaziingiza kwenye vitundu viwili vilivyomo kwenye dramu yenyewe, nimeviona miaka yote nikidhani ni mapambo, akazikaza moja moja kwa zamu, dramu ikajisogeza nje yenyewe kwa aibu.

Ndani ni tope jeusi. Silinda ndogo ya gurudumu raba zake zimechoka, mafuta yanavuja taratibu yanalowesha brekishuu, na brekishuu yenye mafuta haishiki kitu, uivute kwa waya, uivute kwa winchi. Akanionyesha na kile kigurudumu chenye meno, kinachozisogeza brekishuu zikaribie dramu. Hicho ndicho kinachoanza kurekebishwa. Waya unafuata mwishoni, tena kidogo. "Anayeanza na waya," akasema, "amekufungia mlango dirisha likiwa wazi." Kisha akaenda kuswali.

Sasa hebu niambieni. Raba mbili. Raba ndogo ambazo ukizitia mfukoni pamoja na sarafu hutaziona tena. Na brekishuu mpya, kwa maana zile zilizolowa mzee amekataa kuzirudisha. Nimezunguka maduka ya Mwanga yote. La kwanza: "Zilikuwepo." La pili: "Njoo kesho." La tatu kijana akaniletea raba za fuso akaniambia nizipunguze kwa wembe. Kwa wembe! Breki! La nne wakaniambia zinatoka Dar, nitume hela, zitapakiwa kwenye basi, nisubiri. Nimetuma. Mpokeaji alipokea haraka sana, hapo sina lawama. Tangu hapo simu yake ipo "kwenye kikao". Kila bidhaa inayotufikia huku imepita kwa wenzetu wote kwanza, reli nzima ile, tunakuja kupata kilichobaki, kwa bei ya kilichosafiri. Halafu mtu anakuja na ndege kwa siku mbili anasema, "Kigoma pazuri, maisha rahisi." Rahisi kwa nani? Wewe ulikula migebuka ya hoteli ukapiga picha na machweo. Kaa mwezi mmoja hapa utafute raba.

Kwa hiyo Carina iko Ujiji, juu ya magogo, na mimi napanda bodaboda. Jana nilipanda ya kijana mmoja, tunateremka, namuuliza, "Breki zako nzima?" Akanigeukia, akanigeukia uso mzima, mzee mwenzenu yuko nyuma, akasema, "Ya mbele." Tukafika. Nikampa elfu tano, hana chenji. Wote hawana chenji. Asubuhi hawana kwa sababu ndiyo wanaanza, jioni hawana kwa sababu wamepeleka hesabu. Akaniambia ninunue kitu ili tupate chenji, nikaangukia kwa mama muuza dagaa.

Na dagaa hawa! Si waliletwa kutoka Kibirizi hapo tu? Bei imepanda, nikauliza, akasema ziwa lina upepo. Sawa, upepo ni wa Mungu. Lakini kopo, kopo lake la kupimia, lile lilikuwa kopo la rangi, chini limebonyezwa kuja ndani kiasi cha ngumi ya mtu mzima. Nikamwambia, kwa upole tu, "Mama, hili kopo lako limebonyea."

Akalijaza, akalipiga kofi juu, dagaa watatu wakaruka wakarudi kwenye fungu lake.

"Baba," akasema, "unanunua dagaa au unanunua kopo?"