Panya walipewa dawa ya minyoo, kansa ikagoma kuota: sasa tufanyeje?

Kuna stori moja ya maabara naipenda sana. Pale Johns Hopkins, Marekani, watafiti walikuwa wanapandikiza kansa ya ubongo kwa panya ili wapate wa kujaribia dawa, kazi yao ya kila siku hiyo, safari hii panya wakawa na minyoo, wakapewa fenbendazoli ambayo ni dawa ya minyoo ya mifugo, halafu uvimbe ukagoma kuota. Mwingine angelaani hasara na kuagiza panya wengine. Timu ya Gregory Riggins ikajiuliza imekuwaje, ikahamia kwenye mebendazoli, ndugu yake fenbendazoli ambayo binadamu tumeimeza miaka nenda rudi, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba panya wenye glioblastoma, kansa kali ya ubongo, waliopewa mebendazoli waliishi muda mrefu kuliko wenzao.

Sasa weka hiyo pembeni ya hali halisi ya glioblastoma. Mwaka 2005 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba ukiongeza temozolomidi, dawa ya kemo inayoua seli za kansa, juu ya mionzi, nusu ya wagonjwa wanafika miezi 14.6 badala ya 12.1. Hiyo miezi miwili na nusu ndiyo ilikuwa habari njema, na mpaka leo matibabu ya kawaida yanaanzia hapo hapo. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa ana ugonjwa huo akikesha na simu anatafuta vidonge vya zamani, mi siwezi kumwita mjinga. Dawa ipo, bei yake chini, inajulikana, sasa tunasubiri nini?

Na wanaotetea hii njia ya kutibu kansa kwa dawa za zamani wana ushahidi, tena mzito tu. Chukua thalidomidi. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaimeza kwa kichefuchefu, na mpaka inaondolewa mwishoni mwa 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamezaliwa na ulemavu au wangezaliwa nao. Ukiniuliza dawa gani ilistahili kuzikwa moja kwa moja ningekutajia hiyo. Lakini mwaka 1964 daktari Jacob Sheskin huko Yerusalemu alimpa mgonjwa wa ukoma aliyekuwa halali kwa maumivu, alitaka tu alale, vidonda vikaanza kupona. Halafu 1999 ikaripotiwa kwa wagonjwa 84 wa myeloma, kansa ya uboho, ambao karibu wote matibabu mengine yalikuwa yameshawashinda, na karibu theluthi moja ugonjwa ukarudi nyuma. Mwaka 2006 Marekani ikaidhinisha rasmi.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni ule wa lukemia ya promielositi. Hii ilikuwa kansa ya damu inayoua haraka kupita nyingi, mtu anavuja damu ndani kwa ndani na siku zinahesabika. Mwaka 1985 huko Shanghai daktari Wang Zhenyi akamtibu mtoto wa kike wa miaka 5 kwa asidi inayotokana na vitamini A, jamii ya dawa ambazo watu wa ngozi walikuwa wanazijua kwa chunusi, na mtoto akapona. Kule Harbin nako walikuwa wanachoma sindano za aseniki, ndiyo, aseniki ile ya sumu. Baadaye vikaunganishwa, na mwaka 2013 jaribio lililofanyika Italia na Ujerumani likaonyesha kwamba kwa wagonjwa wasio wa hatari ya juu, baada ya miaka miwili asilimia 97 walikuwa bado wako sawa bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 86 kwa waliochanganyiwa ile asidi na kemo ya kawaida. Bila kemo! Ukisikia mtu anasema dawa za zamani ni ndoto za watu waliokata tamaa, mpe hiyo.

Ila angalia KWA NINI ilifanya kazi. Kwenye lukemia hii vipande vya kromosomu 15 na 17 vinabadilishana nafasi, inazaliwa protini ya ajabu ambayo nusu yake ni kipokezi cha hiyo hiyo asidi ya vitamini A. Yaani kosa lenyewe la kansa lilikuwa na tundu la ufunguo na dawa ilikuwa ufunguo wake, na aseniki nayo inaishika nusu ya pili ya protini ile ile. Haikuwa bahati ya dawa ya bei rahisi kupambana na kansa kwa ujumla.

Na hapa ndipo upande wa pili unaponishika. Metformini ya kisukari, kuna kipindi ilikuwa kila kona, watu wenye kisukari wanaoimeza wanaonekana wanaishi na kansa muda mrefu kuliko wasioimeza, na maelezo yapo, inapunguza insulini, inabana nishati ya seli, kila kitu kinaingiliana vizuri. Likafanyika jaribio la watu 3,649 wenye kansa ya matiti ambao hawana kisukari, nusu metformini nusu plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano, matokeo yakatoka 2022: hamna tofauti. Hivi zile takwimu za mwanzo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ni mtego wa kuhesabu. Ili mgonjwa ahesabiwe kwamba ni mtumiaji wa metformini lazima kwanza aishi mpaka siku ya kuandikiwa, aliyekufa kabla ya hapo anaingizwa kwa wasiotumia. Kundi la dawa linaanza mbio likiwa limeshapewa miezi ya bure. Mtego huu ukishauelewa utauona kwenye nusu ya zile chati zinazosambazwa.

Tena kwenye kansa kali kali ndiyo kabisa. Pravastatini ya kolesteroli ilijaribiwa Uingereza kwa watu 846 wenye kansa ya mapafu ya seli ndogo, moja ya zile zinazokimbia sana, haikusaidia kitu. Disulfiramu, dawa ya walevi, ilikuwa na utafiti mzuri mno wa mwaka 2017, takwimu za Denmark zikionyesha wagonjwa wa kansa walioendelea kuimeza wanakufa wachache kuliko walioiacha, na maabara ikaonyesha mpaka protini inayoshikwa. Ikapelekwa Sweden na Norway kwa wagonjwa 88 wa glioblastoma iliyorudi. Hawakuishi zaidi, na madhara makali yakawa mengi kwa waliopewa. Hiyo sentensi ya mwisho watu huwa wanairuka. Mtu anasema "hata isiposaidia haidhuru", kumbe inadhuru.

Maana neno salama hapa linatumika kizembe. Mebendazoli ni salama kwa minyoo kwa sababu haipiti vizuri kwenye utumbo, inabaki huko huko waliko minyoo, na unaimeza siku moja au tatu basi. Kwenye kansa unataka ipite, ifike kwenye damu na ubongo, kwa hiyo dozi zinazojaribiwa zinapanda mpaka gramu na zaidi kila siku kwa miezi. Hiyo sio dawa ile ile tena hata kama kidonge ni kile kile. Ivermektini nayo, seli za kansa zinakufa kwenye sahani ya maabara, lakini kwa viwango ambavyo dozi ya kawaida haivifikii kwenye damu hata kwa mbali. Halafu kuna kugongana kwa dawa. Itrakonazoli ya fangasi inafunga kimeng'enya cha ini kinachosafisha vinkristini, ambayo ni kemo, vinkristini inajaa mwilini na neva zinaumia vibaya. Mgonjwa aliyeongeza itrakonazoli kimya kimya ataambiwa tu kemo imemchachamalia.

Mwaka 2019 fenbendazoli ile ya mifugo iliwahi kuisha madukani Korea Kusini baada ya stori ya jamaa mmoja wa Marekani mwenye kansa ya mapafu aliyesema imemponya, serikali ikabidi itoe onyo. Kitu kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba jamaa huyo alikuwa pia kwenye jaribio la dawa ya kinga ya kisasa kabisa, pembrolizumabu, ambayo kwa wagonjwa wengine inafuta ugonjwa yenyewe. Na Japani mgonjwa mmoja mzee mwenye kansa ya mapafu aliimeza fenbendazoli baada ya kusoma mtandaoni, ini likaumia, kansa haikupungua. Mtu mmoja tu huyo, najua, hathibitishi chochote peke yake, ila basi hata yule wa Marekani ni mmoja.

Kilichonifanya nisiitupe hii njia ni aspirini. Jaribio la Marekani na Canada, watu 3,020 wenye kansa ya matiti yenye hatari ya kurudi, miligramu 300 kila siku, likasimamishwa mapema kwa kuwa halikuwa linaelekea popote. Ungedhani mjadala umeisha. Halafu 2025 nchi nne za Skandinavia na jirani zao, Sweden, Denmark, Finland na Norway, zikaleta matokeo ya kansa ya utumbo mpana, lakini wao hawakumpa kila mtu. Walipima uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 3,500 wakitafuta hitilafu kwenye jeni ya PIK3CA na jeni nyingine zinazofanya nayo kazi, wakabaki na 626, wakawapa miligramu 160 tu au plasebo kwa miaka mitatu. Kwa wenye hitilafu kuu, za PIK3CA yenyewe, kansa ilirudi kwa asilimia 7.7 dhidi ya 14.1. Karibu nusu imekatwa na kidonge cha senti! Madhara makubwa yaliongezeka pia, sio bure, ila hesabu inalipa.

Ndiyo maana naona ugomvi wa "dawa za zamani zinafanya kazi au hazifanyi" umekaa vibaya toka mwanzo. Aspirini imefeli na imefaulu ndani ya miaka miwili, tofauti ikiwa nani amepewa. Wale 3,020 kama walikuwemo wachache ambao ingewasaidia, walizama kwenye wastani.

Sasa nani anailipia kazi ya kupima watu 3,500 ili apate 626? Kiwanda hakiwezi, patenti, yaani haki ya kuiuza peke yake, imekufa, akimaliza kulipa jirani anauza kidonge kile kile. Ukitaka kuona hela inapoelekea irudie thalidomidi: kampuni ikaibadilisha kidogo ikawa lenalidomidi, yenye patenti mpya, na mwaka 2021 mauzo yakapita dola bilioni 12. Dawa nzuri kweli, simnyimi mtu haki yake, lakini aspirini hamna anayeifanyia hivyo. Kwa hiyo inabaki fedha za umma na mifuko ya hisani kama Anticancer Fund ya Ubelgiji, na hawa hela yao ni ya kuchagua maswali machache.

Kwa mgonjwa ambaye tiba ya kawaida inampa miezi, mi niko upande wa kujaribu, ila kujaribu kunakoandikwa. Ujerumani kuna kikundi kiliwapa wagonjwa 10 wa glioblastoma iliyorudi dawa tisa za zamani kwa pamoja juu ya temozolomidi, wakaripoti 2021 kwamba inawezekana kuvumilika mradi ufuatiliaji uwe wa karibu. Haithibitishi kwamba inatibu, kumi ni wachache mno. Lakini hao kumi tunajua walimeza nini, kiasi gani, na kiliwafanya nini. Wale maelfu wanaomeza nyumbani wakimficha daktari kwa kuogopa kufokewa, na wengine wanafokewa kweli, hawajulikani kabisa, waliopona wala waliokufa, na wanaotusimulia baadaye ni wale wa kwanza tu.