Saa Zangu za Kutindua Kuta

Miaka sita nilitindua kuta za watu Tanga. Nilianza Ngamiani baada ya kumaliza kidato cha nne, nikaishia Pongwe na vijiji vya njia ya Muheza. Nyundo, tindo, vumbi la saruji puani. Fundi alichora mstari kwa chaki, mimi nikaufuata kwa tindo, nikalaza mabomba, nikavuta waya, nikafunga boksi za switchi. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa akiniachia nyumba nzima, yeye anakuja jioni kukagua. Taa za nyumba zile zinawaka hadi leo. Lakini kila fomu ya kuombea umeme ilipigwa muhuri wa mtu mwenye leseni ambaye saiti hakuwahi kufika, na jina langu halikuandikwa popote.

Nilipohamia Seattle, Marekani, mama mmoja mshauri wa ajira aliniuliza, "Una saa ngapi zilizosajiliwa?" Nikamjibu nina miaka sita. Akanieleza kwa upole kwamba hapa miaka haihesabiwi, zinahesabiwa saa, tena saa zenye saini. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile nikiwa na uchungu mwingi. Nilikuwa na ujuzi mikononi na sikuwa na hata saa moja ya kuonyesha.

Katika jimbo la Washington, ulipo mji wa Seattle, anayetaka leseni ya fundi umeme wa ujenzi wa kila aina hufanya kazi saa 8,000 chini ya fundi mwenye leseni, na darasa juu yake. Tangu Julai 2023 lazima pia awe amehitimu uanagenzi uliosajiliwa, yaani kujifunza fani kazini huku unalipwa. Malipo huanza karibu na nusu ya mshahara wa fundi kamili na hupanda ngazi kwa ngazi kadiri saa zinavyoongezeka. Kijana anajua akifikisha saa kadhaa, mshahara unapanda. Hakuna kumsubiri bosi aamke na roho nzuri.

Kilichonigusa zaidi ni maandalizi ya kabla ya uanagenzi wenyewe. Chuo cha Seattle Central kina kozi ya namna hii kwenye karakana yake ya useremala. Unafundishwa hesabu za ujenzi, usalama kazini, kutumia vifaa, kufika saa moja asubuhi bila kukosa. Kuna shirika la ANEW lililoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya kuwaingiza wanawake kwenye fani hizi, na nimefanya kazi na mabinti wanaopanda ngazi na kukunja mabomba ya chuma vizuri kuliko wengi wetu. Tena mwanafunzi anaweza kusaidiwa buti, vifaa, hata leseni ya udereva, maana bila gari saiti hazifikiki.

Halafu mlango unafunguliwa kwa sheria. Mwaka 2015 Jiji la Seattle liliamua kwamba kwenye miradi yake ya ujenzi ya dola milioni 5 na kuendelea, sehemu ya saa za kazi iende kwa wakazi wa mitaa yenye hali ngumu. Watu wa Rainier Valley, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, wakaingia kujenga mji wao.

Si kwamba huku kila kitu ni bora. Foleni ya kuingia uanagenzi ni ndefu, mradi ukiisha unakaa nyumbani, na kodi za nyumba zimewasukuma mafundi wengi hadi mji wa Kent, nje ya Seattle, na mbali zaidi. Na kwa upana wa ujuzi fundi wetu anawashinda. Fundi wa Tanga anaijua nyumba kuanzia msingi hadi kupaua. Huku nimekutana na watu wa miaka ishirini kazini ambao kazi yao ni kubandika bodi za jipsamu tu.

Ndugu wa nyumbani nikiwasimulia husema, "Wenzetu wana hela." Sikubali. Kuhesabu saa kunahitaji daftari, kalamu na mtu mwenye dhamana ya kusaini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tunayo kwa sheria ya mwaka 1994, na inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayopigwa kwa asilimia ya mishahara. Kinachokosekana ni kamba ya kuunganisha hayo yote na mradi unaokuja kijijini.

Na miradi inakuja. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, karibu na kwetu. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Mradi wowote ukitangazwa, kwenye mkutano wa kijiji tunauliza kuna nafasi ngapi za vibarua. Tunajipunja. Tuulize wataingia wanagenzi wangapi, kwa saa ngapi, na nani atasaini. Tena tuulize siku wapima ardhi wanapopigilia vigingi, kwa sababu tukingoja hadi tingatinga lishushwe, kijana asiyeandaliwa atapewa fagio au rungu la ulinzi, na mkandarasi atakuwa na sababu.

Mdogo wangu wa mwisho sasa ni saidia fundi wa umeme Pongwe. Mwaka jana nilimtumia hela ya daftari gumu, nikamwambia achore safu nne: tarehe, kazi, saa, saini. Fundi wake mwanzoni alikataa, akidhani ni mambo ya kumpeleka mahakamani. Nikampigia simu, nikamwamkia, nikamweleza kisa changu mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie dogo aje na kalamu." Sasa anasaini kila Jumamosi, na mdogo wangu akienda VETA kurasimisha ujuzi wake, daftari litakuwa kwapani.