Eti kitabu kizuri

Baridi ya Juni hapa Uyole, nimejifunika mablanketi mawili, nikasema leo namaliza kitabu kinachosifiwa kila kona: The Handmaid's Tale cha Margaret Atwood, cha mwaka 1985. Wapi! Chai ya tangawizi imepoa, nimepasha, imepoa tena, Offred, yule mwanamke anayekandamizwa kitabuni, bado anaangalia dari na pazia. Halafu ile siagi anayoificha ajipake usoni, hapo tu ndipo nilipoamka kidogo.

Nikisema kimenichosha, wenzangu wananitolea macho: "Dada, kwa hiyo hujali wanawake wanavyokandamizwa?"

Jamani! Bibi yangu aliozwa bila kuulizwa, ng'ombe wakahesabiwa uani yeye akichungulia dirishani. Alinisimulia kwa dakika kumi tu, huku akimenya viazi. Nililia. Huyu Offred wa Gilead, ile nchi ya kitabuni, nimemlalia ukurasa wa tisini.