Ukurasa wa 2 Uliochangisha Harusi

Toleo la kwanza la jarida letu la waandishi chipukizi lilipotoka hapa Mbeya, kazi iliyosifiwa kuliko zote haikuwa yetu. Ilikaa ukurasa wa 2, ikarudiwa neno kwa neno ukurasa wa 31, na ilikuwa inaomba mchango.

Kwanza mjue jarida linavyoungwa, la sivyo mtadhani nasingizia. Jarida la kubanwa kwa pini katikati haliwezi kuwa na kurasa 30. A4 moja ukiikunja inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo hesabu lazima igawanyike kwa nne, utake usitake. Kazi zetu zilijaza 30, ikiwemo tahariri ambayo kila aliyejaribu kuipunguza alinuniwa na mhariri. Tukaenda 32, mbili zikabaki wazi. Kurasa 32 ni karatasi nane kwa nakala, na kwa nakala 200 ni karatasi 1,600: rimu tatu hazifiki, unanunua nne. Na usizifungue mapema. Masika ya Mbeya karatasi inavuta unyevu, inajikunja pembeni, mashine inazivuta mbili mbili halafu inakwama.

Karatasi ya nje ndiyo iliyotuponza. Upande mmoja unabeba ukurasa wa 32 na wa 1, upande wa pili unabeba wa 2 na wa 31. Kurasa mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu lazima zijumlishe 33, mpaka unafika 16 na 17 za katikati. Basi tukapanga zile mbili wazi ziwe 2 na 31, upande mzima usichapwe, wino ubaki.

Steshenari ilikuwa Mwanjelwa, jina nalihifadhi. Fundi wao anachapa upande mmoja wa karatasi zote, kisha anazigeuza kwa mkono kufuata ubavu mfupi, maana ukifuata ubavu mrefu shairi linatoka kichwa chini. Karatasi zetu 200 za nje zikachapwa upande wa kwanza. Kwa mazoea akazirudisha kwenye trei, ingawa nyuma hapakuwa na cha kuchapa. Umeme ukakatika. Uliporudi, kazi ya kwanza kwenye foleni ya mashine ilikuwa kadi 300 za mchango wa harusi, mbili mbili kwa kila A4.

Mashine haina macho. Nakala 150 zikapata kadi, tena zimekaa katikati ya ukurasa vizuri kuliko mashairi yetu. Kijana wa kupanga akaona nyuma kumechapwa, akaridhika. Akakunja, akavisha kava la gramu 250, akagonga pini mbili kwa stepla ya mkono mrefu (ile ya kawaida haifiki katikati ya A4), akapeleka kwenye kisu kukata ukingo, kwa sababu ukikunja nane pamoja zile za ndani huchomoza. Kazi safi kabisa.

Uzinduzi ukawa Soweto, mtaa wa hapa hapa Mbeya, baridi inauma, watu na chai ya tangawizi. Mwalimu mmoja mstaafu akafungua nakala yake, akasimama, akasoma kwa sauti nzito:

"Familia inayo heshima kukuomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha harusi ya kijana wao mpendwa. Single 50,000. Double 100,000."

Akanyamaza kidogo. "Huyu anajua kubana maneno," akasema. "Mapenzi yote kayamaliza kwa bei mbili."

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikatazama kikombe changu. Dada mmoja mwandishi akanivuta pembeni, sauti ya chini lakini ya moto: "Kaka, hadithi yangu ya kurasa saba mmeikata mpaka nne. Huyu asiye hata na jina mmemchapa mara mbili?"

Jarida tuliuza shilingi 2,000 kila nakala, na tuliwaambia watu wachukue nakala, watalipa kwa simu. Namba yetu ilikuwa kwenye bango la mlangoni. Ndani ya jarida ilikuwepo namba moja tu: ya mweka hazina wa kamati ya harusi.

Steshenari ndiyo iliyomwelekeza kwetu. Alikuja mzee wa makamo, koti zito, daftari kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ninyi ndio wenye kitabu?" Akafungua daftari. "Watu siwajui wananitumia elfu mbili mbili. Mwanangu, single ni elfu hamsini. Hii ni dharau."

Tukamweleza kwamba zile ni hela za jarida. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Nimeelewa. Lakini pesa ya mchango hairudi, ni mkosi kwa maharusi."

Mhariri akamkumbusha kwamba pini, kava na rimu nne zililipwa na sisi. Mzee akapiga hesabu kimya kimya, kidole kikishuka kwenye daftari.

"Basi mtaingia wanne, double mbili. Mje mmekula kidogo." Akachukua nakala moja mezani, akaukagua ukurasa wa 2, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliokatwa. "Na toleo la pili linatoka lini? Binti yangu ana sendofu mwezi wa tisa."