"Apparently" si "inaonekana" tu

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi moja nikapata ujumbe wa msimamizi, sentensi moja tu: "Apparently you left before handover." Shuleni nilifundishwa kwamba apparently ni "inaonekana". Nikasoma hivyo: inaonekana uliondoka kabla ya kukabidhi zamu. Nikajua basi ameshatazama daftari, au kamera, na ameona. Mkubwa wako akishaona kwa macho yake, utabishana naye nini? Nikaomba radhi hapo hapo na kuahidi kwamba halitatokea tena.

Nami sikuwa nimeondoka. Nilikabidhi zamu kwa mwenzangu, tumesimama kwenye korido, dakika kumi nzima, na sahihi yangu ilikuwa kwenye karatasi. Ule msamaha ukaingia kwenye faili langu kama ungamo. Miezi ilipita ndipo mfanyakazi mwenzangu aliyezaliwa huku akanieleza: msimamizi hakuona chochote. Aliambiwa na mtu, na ile apparently ilikuwa ya kunipa nafasi nitoe maelezo yangu.

Jambo hili lilinikaa rohoni, kwa sababu kwa Kiswahili nisingekosea. Angesema "nasikia uliondoka mapema", ningejua kuna mtu kati yetu. Angesema "eti uliondoka mapema?", ningejua pia kwamba maneno hayo hajayameza. Na angesema "kumbe uliondoka mapema", hapo ndipo ningeogopa, maana ameshaamini. Nyumbani habari haiingii bila kuonyesha imepitia mlango gani, na sisi tunaoishi mbali ndio tunaojua thamani ya hilo.

Kiingereza nacho kina maneno ya kazi hiyo. Supposedly inakaribia sana eti yetu. Allegedly ni "inadaiwa" ya magazeti na mahakama. Lakini apparently hubeba ya macho na ya masikio kwa pamoja. Mtu akichungulia dirishani, akaona barabara imelowa, atasema apparently it rained. Akikwambia apparently she's getting married, huyo amesimuliwa. Neno ni lile lile. Inakubidi ujiulize msemaji alikuwa wapi.

Kinachoniuma ni kwamba tulifundishwa maneno haya kwa orodha ya tafsiri. Perhaps, labda. Possibly, labda. Probably, labda. Yaani lenye uzito wa "yumkini" na lenye uzito wa "yaelekea" yakatiwa kapu moja, na sisi tunayo maneno yetu ya kuyatenganisha! Presumably wala hatukuiona, nayo ndiyo ninayokutana nayo kila siku kazini: sijahakikisha, ila nina sababu ya kuchukulia kwamba ni hivyo.

Sisemi wenye Kiingereza chao wenyewe wanayapima maneno haya sawasawa. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lichukuliwe kuwa "serious possibility". Sherman Kent, aliyekuwa mmoja wa wakuu wao, alipoulizwa maana yake alisema yeye aliweka 65 kwa 35 kwamba litatokea. Aliyeuliza alishtuka, kwani alikuwa amesoma kitu kidogo zaidi. Kent akawauliza wenzake walioafiki maneno yale: mmoja alimaanisha 80 kwa 20, mwingine 20 kwa 80. Watu wa lugha moja, meza moja, waraka mmoja.

Halafu kuna probably isiyo na shaka yoyote ndani yake. "You should probably ring the family" ni agizo. Kwetu adabu ya namna hii hukaa ndani ya kitenzi: mkubwa akikwambia "ungewapigia simu ndugu zake", unainuka. Huku wameiweka nje, kwenye kineno kinachofanana na hiari, nasi tunakaa tukisubiri kuamua. Surely nayo: "Surely you told the nurse" haina uhakika wowote, ni "si ulimwambia nesi?" ya mtu ambaye moyo umeshaanza kumdunda. Mwalimu angetupa hiyo "si" moja tu, ingetutosha.

Mwezi uliopita binti mmoja mgeni kazini alinionyesha simu yake mikono ikitetemeka. Ameandikiwa kwamba apparently amekosa mafunzo mawili. Tayari alikuwa ameanza kuandika "I am very sorry". Nikamwambia, mdogo wangu, futa hiyo. Muulize kwanza habari hiyo ameipata wapi. Vyeti vya mafunzo yote mawili vilikuwa kwenye mkoba wake.